Sekunde za Ubingwa: Kutoka Nyamagana hadi Indianapolis

Mhadhara kwa walimu wa michezo, makocha na vijana, Kigongo, Mwanza

 

Mtu wa Kigongo hahitaji kufundishwa thamani ya muda. Kwa miaka mingi safari za kwenda Sengerema na Geita zilikuwa zikikwama hapa, watu wakisubiri kivuko. Mgonjwa alisubiri, mwenye samaki alisubiri, mwanafunzi alisubiri. Tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na leo maji yaleyale yanavukwa kwa dakika chache. Ziwa halijapungua upana. Ila wako watu, mafundi na vibarua ambao wengi wetu hatuyajui majina yao, waliompa msafiri muda. Mimi leo nazungumzia michezo, lakini neno langu ni hilohilo: bingwa ni mtu aliyepewa muda na wenzake, na wengi wanaoshindwa fainali ni watu walionyimwa muda.

Nianze nyumbani. Tarehe 10 Agosti 1974, Yanga na Simba walikutana Uwanja wa Nyamagana, hapa Mwanza, kuamua bingwa wa Tanzania Bara. Adam Sabu aliifungia Simba dakika ya 16. Bao hilo likadumu hadi dakika ya 87, na mwana Simba yeyote aliyekuwapo uwanjani alikuwa na haki ya kuanza kushangilia. Dakika hiyo Gibson Sembuli akasawazisha. Zikaja dakika za nyongeza, na dakika ya 97 Sunday Manara akafunga bao la pili. Yanga 2, Simba 1.

Simba waliongoza mchezo kwa dakika 71. Wakapoteza ubingwa ndani ya dakika 10. Wazee waliokuwapo wanaikumbuka siku ile kwa majina mawili, Sembuli na Manara, na majina hayo yanastahili. Lakini nawaomba tuitazame kwa jicho jingine. Mabao mawili ya mwisho yasingekuwa na maana kama walinzi wa Yanga wangeruhusu bao la pili katika dakika zile 71. Kila shambulio la Simba walilolizima lilikuwa akiba aliyowekewa Sembuli. Mfungaji alipofika dakika ya 87, alikuta mchezo bado uko hai, na waliouweka hai ni wengine.

Sunday Manara, tuliyemwita Kompyuta kwa jinsi alivyoufikiria mpira kabla haujamfikia, alikwenda baadaye Uholanzi kuichezea Heracles, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Kisha akavuka bahari hadi Marekani na kuvaa jezi ya New York Eagles. Shujaa wa Nyamagana akawa anacheza katika nchi ambayo neno “football” kwao ni mchezo mwingine kabisa. Mchezo huo ndio ninaotaka tuuangalie, kwa sababu katika michezo ninayoijua hakuna unaoonyesha kwa uwazi kama ule jinsi muda unavyotolewa na jinsi unavyonyang'anywa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila upande una wachezaji 11, na uwanja una yadi 100, yaani kama mita 91. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapata manne mengine; ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja kunaitwa tachidauni na kuna pointi 6. Kuupiga kwa mguu ukapita kati ya nguzo ni pointi 3. Mchezo una dakika 60, lakini saa husimamishwa mara kwa mara, hivyo sekunde 30 za mwisho zinaweza kuchezwa kwa muda mrefu, kwa hesabu na kwa hofu.

Katikati ya yote yupo kwotabeki. Ndiye mpokeaji wa mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio, ndiye msomaji wa mpangilio wa wapinzani, ndiye mwamuzi wa nani apewe. Mnaweza kumwita kiungo mchezeshaji, ila huyu kwa kawaida hazururi. Mbele yake wamesimama wanaume watano wenye miili mikubwa ambao kazi yao ni moja: kuwazuia wapinzani wasimfikie. Wakifanya kazi yao vizuri, anapata sekunde mbili na nusu au tatu. Wakishindwa, anaangushwa chini na mpira ukiwa mkononi. Katika hizo sekunde tatu ndimo zinamokaa sifa zote, fedha zote na sanamu zote za makwotabeki wakubwa.

Tarehe 28 Desemba 1958, katika uwanja wa Yankee mjini New York, Baltimore Colts walicheza fainali ya ligi ya mchezo huo na New York Giants. Kwotabeki wa Colts alikuwa Johnny Unitas. Miaka mitatu kabla, timu ya Pittsburgh ilimwacha bila hata kumchezesha mechi moja ya ligi, naye akawa anacheza mpira wa mtaani kwa dola 6 kwa mchezo. Colts walimchukua na kumpa nafasi. Siku ile ya fainali Giants waliongoza 17 kwa 14 huku saa ikikaribia kwisha. Unitas akaipeleka timu mbele pasi kwa pasi, na zikiwa zimesalia sekunde 7 Colts wakasawazisha kwa mpira wa nguzo. Fainali ya ligi hiyo haikuwa imewahi kufika muda wa nyongeza. Siku hiyo ikafika, na Colts wakashinda 23 kwa 17. Wamarekani wengi huhesabu kwamba umaarufu wa mchezo wao katika televisheni ulianzia hapo. Mtu wa Nyamagana akisimuliwa habari hiyo hataiona ngeni: kusawazisha mwishoni kabisa, kisha ushindi katika muda wa nyongeza.

Angalieni Unitas alipewa muda wa aina mbili. Wa kwanza ni zile sekunde alizopewa na walinzi wake. Wa pili ni miaka aliyopewa na klabu iliyokubali kumlea mtu aliyekataliwa. Aina zote mbili nitazirudia katika habari ya kijana mmoja ambaye asili yake ni ziwa letu.

Kaskazini-magharibi mwa ziwa hili, katika nchi ya Masaka, ndiko alikozaliwa Benedicto Kiwanuka mwaka 1922. Alikuwa mwanasheria na kiongozi wa chama cha Democratic Party, na mwaka 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani, akawa Waziri Mkuu wake wa kwanza. Baadaye, chini ya utawala wa Idi Amin, aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu. Alisimamia sheria hata pale iliposimama kinyume na jeshi. Tarehe 21 Septemba 1972 askari walimchukua kutoka Mahakama Kuu ya Kampala, akauawa. Familia ile ilitawanyika, na miaka 11 baadaye, mwaka 1983, katika mji wa Indianapolis nchini Marekani, alizaliwa mjukuu wake, Mathias Kiwanuka.

Mathias alikulia Indianapolis, akasoma Chuo cha Boston, na mwaka 2006 New York Giants walimchagua katika duru ya kwanza ya uteuzi wa vijana wapya. Kazi yake ilikuwa kinyume cha kazi ya wale walinzi watano. Yeye alikuwa mwindaji wa kwotabeki: kuupenya ukuta, kumfikia mtu mwenye mpira, kumwangusha kabla hajaamua. Kwa lugha ya hoja yangu, kazi yake ilikuwa kunyang'anya muda.

Tarehe 26 Novemba 2006 Giants walicheza na Tennessee Titans. Waliingia robo ya mwisho wakiongoza 21 kwa 0. Titans wakafufuka, ikawa 21 kwa 14, kisha wakafika jaribio la nne, la mwisho. Kwotabeki wao Vince Young alirudi nyuma kutafuta wa kumpasia. Kiwanuka akamfikia. Alimkamata kwa mikono miwili, mchezo ukawa kama umekwisha. Kisha akamwachia. Alieleza baadaye kwamba alidhani mpira umeshaondoka mkononi mwa Young, na sheria zinamwadhibu mchezaji anayemwangusha kwotabeki aliyekwisha kutupa. Young alikuwa bado na mpira. Akakimbia, akapata yadi zilizohitajika, Titans wakasawazisha, na katika sekunde za mwisho wakashinda 24 kwa 21.

Kijana wa mwaka wa kwanza, katika mji mkali kuliko yote kwa wanamichezo wake, alibeba lawama ya kushindwa kule. Sisi hapa tunajua lawama hiyo ilivyo. Tumewaona mabeki waliojifunga wakitukanwa hadi nyumbani kwao, tumewaona makipa wa miaka 19 wakimalizwa na kosa moja. Giants hawakumtupa. Mwaka uliofuata walimchezesha nafasi mpya, akajifunza upya, kisha Novemba akavunjika mguu na msimu wake ukaishia hapo.

Bila yeye uwanjani, Giants walifika fainali, ile inayoitwa Super Bowl, tarehe 3 Februari 2008 huko Glendale, Arizona. Wapinzani wao walikuwa New England Patriots, timu iliyokuwa imeshinda michezo 18 bila kupoteza hata mmoja na kufunga pointi 589 katika michezo 16 ya ligi. Kwotabeki wao alikuwa Tom Brady, ambaye mwaka 2000 alichaguliwa wa 199 katika orodha ya vijana wapya na akamaliza maisha yake ya mchezo na mataji 7 ya Super Bowl, mengi kuliko mchezaji yeyote. Kama kuna mtu aliyestahili kuitwa mkubwa peke yake, ni huyo.

Giants walimnyima muda. Michael Strahan, Justin Tuck na Osi Umenyiora, kijana mwenye asili ya Nigeria, waliupenya ukuta wake usiku kucha. Brady aliangushwa mara 5. Timu iliyozoea kufunga pointi zaidi ya 36 kwa mchezo ilitoka na 14.

Hata hivyo, zikiwa zimesalia dakika mbili na nusu hivi, Patriots walikuwa mbele 14 kwa 10. Mpira ukawa kwa Giants, mikononi mwa kwotabeki Eli Manning. Wakafika mahali pagumu, na wachezaji wa Patriots wakamfikia. Walimshika jezi, wakaivuta, kila aliyekuwa akitazama akajua ameanguka. Manning akajinasua, akageuka, akautupa mpira mbali. David Tyree aliruka katikati ya wapinzani na kuudaka kwa kuubana kwenye kofia yake ngumu kwa mkono mmoja. Muda mfupi baadaye, zikiwa zimesalia sekunde 35, Plaxico Burress alipokea pasi ya tachidauni. Giants 17, Patriots 14.

Wekeni matukio mawili pamoja. Mwaka 2006 mkono wa mchezaji wa Giants ulimwachia kwotabeki, Giants wakashindwa. Mwaka 2008 kwotabeki wa Giants aliiponyoka mikono ya Patriots, na msimu mkamilifu ukafutika. Mchezo huo hauna huruma: nusu sekunde ya mkono kushika au kuachia inaweza kuamua mwaka mzima wa kazi. Na katika matukio yote mawili, mwenye kukumbukwa ni aliyekuwa na mpira, wakati hatima ilikuwa mikononi mwa mtu asiyekuwa nao.

Miaka minne baadaye, tarehe 5 Februari 2012, timu zilezile mbili zilikutana tena katika fainali. Mji ulikuwa Indianapolis, mji aliozaliwa Mathias Kiwanuka. Safari hii alikuwa mzima na alikuwa uwanjani. Katika jaribio la kwanza kabisa la Patriots, Brady alibanwa na Tuck akiwa ndani ya eneo lake la mwisho, akautupa mpira mahali pasipo na mtu, na waamuzi wakawapa Giants pointi 2. Mchezo ulianza kwa mtu kunyimwa muda.

Ukaisha kwa muda pia, na kwa namna ya ajabu. Dakika ya mwisho Patriots waliongoza 17 kwa 15, na Giants walikuwa karibu sana na mstari. Patriots walipiga hesabu: wapinzani wakichezea saa hadi sekunde za mwisho kisha wapige mpira wa nguzo, hatutapata nafasi ya kujibu. Basi walimfungulia njia mkimbiaji Ahmad Bradshaw afunge haraka, ili wao wabakiwe na muda. Bradshaw alitambua mtego akiwa ameshafika, akajaribu kusimama kwenye mstari, mwili ukamzidi, akaanguka ndani kwa makalio. Zilibaki sekunde 57. Timu ilikubali kufungwa pointi 6 ili inunue sekunde! Hazikutosha. Pasi ndefu ya mwisho ya Brady iliangukia chini, ikawa 21 kwa 17, na mjukuu wa Benedicto Kiwanuka akawa bingwa katika mji wa nyumbani kwake.

Simfananishi babu na mjukuu, kwa maana damu ya haki si sawa na jasho la mchezo. Ninachosema ni kwamba Kiwanuka wa 2012 asingekuwapo kama Kiwanuka wa 2006 angefukuzwa. Alipewa ule muda wa aina ya pili, muda wa miaka, na klabu iliyomwamini ikavuna.

Kwa anayedhani hayo ni ya zamani, amtazame Patrick Mahomes wa Kansas City, mwenye mataji matatu ya Super Bowl na kipaji ambacho hakuna anayekibishia. Ameshindwa fainali mbili. Mwaka 2021 alicheza bila walinzi wake wawili wa pembeni waliokuwa majeruhi, na timu yake ikalala 31 kwa 9 bila tachidauni hata moja. Mwaka 2025 Philadelphia Eagles walimwangusha mara 6 na kushinda 40 kwa 22. Mkono wake ulikuwa uleule na akili ileile. Ukuta ulipobomoka, ukubwa wake haukuwa na mahali pa kusimama.

Sasa turudi kwetu, maana sikuja Kigongo kuwahubiria ligi ya watu wengine. Klabu za Tanzania zimefika fainali za mashindano ya Afrika mara tatu. Mwaka 1993 Simba walitoka sare tasa Abidjan na Stella, wakaja kufungwa 2 kwa 0 Dar es Salaam. Mwaka 2023 Yanga walikutana na USM Alger. Fiston Mayele alisawazisha dakika ya 82 na uwanja ukalipuka kwa furaha; dakika ya 84 wageni wakafunga la pili. Yanga walishinda 1 kwa 0 Algiers, lakini kombe likabaki huko kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mwaka 2025 Simba walikuwa wamefungwa mabao mawili na RS Berkane kabla dakika ya 15 haijafika, na marudiano ya Zanzibar yaliyoisha 1 kwa 1 hayakutosha.

Baada ya kila fainali tulijadili washambuliaji. Nani alikosa, nani asajiliwe. Mimi naona dakika. Naona zile mbili baada ya bao la Mayele, pale shangwe ilipowatoa watu kwenye nafasi zao. Naona robo saa ile ya Berkane. Hatukukosa wafungaji, tulikosa watu wa kuutunza mchezo katika vipande vidogo vya muda ambamo fainali huamuliwa.

Walimu wangu, hilo halitengenezwi Dar es Salaam wiki moja kabla ya mechi. Linaanzia kwenu, kwenye mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA. Tunapochagua timu za shule, macho yetu hukimbilia mwenye chenga. Beki anayesoma pasi kabla haijapigwa, kiungo mkabaji anayefunika nafasi ya mwenzake, kipa anayeongea na safu yake, hao tunawajaza mwishoni kama nafasi zimebaki. Nawaomba muwachague kwanza. Mwenye chenga atang'aa akiwa na watu wa kumpa sekunde.

Fundisheni pia dakika zenyewe. Wachezesheni vijana mazoezini dakika tano za baada ya kufunga, na tano za baada ya kufungwa. Wapeni bao moja la kulinda zikiwa zimebaki dakika tatu, kisha muwabadilishe wawe wanaolitafuta. Timu za Marekani hufanyia mazoezi dakika mbili za mwisho mwaka mzima, ndiyo maana Manning alijua la kufanya zilipofika. Mazoezi hayo hayahitaji nyasi bandia za Nyamagana. Kiwanja cha shule ya msingi na filimbi vinatosha.

Na tuwape vijana wetu muda wa miaka. Pamba, klabu iliyokuwa fahari ya mji wa Mwanza, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 kabla ya kurejea mwaka 2024. Haitajengwa kwa kufukuza kocha kila robo msimu wala kwa kumzomea beki wa miaka 20 aliyekosea katika Uwanja wa Kirumba. Mashabiki mliopo hapa, nguvu hiyo ni yenu. Kijana aliyekosea Jumamosi akipangwa tena Jumatano, na jukwaa likamwita kwa jina lake kwa heshima, amepewa kitu ambacho hakuna usajili unaoweza kukinunua.

Taifa hili lina akina Manara wengine, nina hakika. Tukiwapa walinzi wa kuwalinda, makocha wa kuwafundisha dakika ngumu na mashabiki wa kuwavumilia, fainali ya nne ya Afrika haitatukuta tukimtafuta mtu mmoja wa kutuokoa. Itawakuta watu 11 wanaojua kupeana muda, na kombe litakuja.